PhD ni Mboka, Si Shule

Wacha niitoe mapema ndio tusimalizeane bando: hakuna KUCCPS ya PhD. Hakuna ofisi mahali imeshika listi ya majina ikingoja kukurusha chuo fulani juu ulipata Fasti Klasi. Na wasee wengi wa bayomedi, baiolojia, kemia na fizikia hukwama hapo tu. Wanafungua lapi, wanagugo vyuo bora duniani, wanaanza na cha kwanza wakishuka hadi cha hamsini, wanalipa ada za kuaplai hadi M-Pesa inalia, alafu Aprili inafika inboksi ikiwa kavu.

Maksi wako nazo. Kenye hawajashikanisha ni kwamba PhD ya sayansi ni mboka, na mboka husakwa kivyake. Kuna mtu mahali ako na labu, ako na swali limemnyima usingizi, na muhimu zaidi ako na doo ya kulipa mtu wa kumsaidia kulijibu. Huyo ndio unatafuta. Jina la chuo liko tu kwa geti.

Huko Sweden hii kitu hata hawaifichi. Nafasi ya PhD inatangazwa venye kampuni inatangaza kazi: labu gani, mradi gani, mwisho wa kutuma ni lini, mshahara upo. Ukiingia unakuwa mfanyakazi wa chuo, likizo unayo, pensheni unayo, na karo hulipi hata ndururu. Masomo yenyewe ni miaka 4, lakini wakikupatia kufundisha hadi asilimia 20 ya time yako, inavutwa hadi 5. Uholanzi ni hivyo hivyo, kontrakti ya miaka 4, na matangazo ya huko yanarundikana kwa saiti ya AcademicTransfer. Norway wako na Jobbnorge. Ujerumani wanalipa kwa skeli inaitwa E13, na hapo fungua macho: tangazo likisema asilimia 65, ni mshahara ndio wa asilimia 65, si ati utakuwa unaishia keja saa saba mchana. Labu inakutaka fulu.

Mzae akikupigia kutoka ocha akikuuliza ka bado unasoma na miaka yote hio, mshow zii, umeandikwa.

Marekani wanacheza tofauti kidogo. Huko unaaplai kwa programu, si kwa prof, na unaweza ingia na digrii ya kwanza bila masta, kitu Ulaya bara wengi watakukatalia mlangoni. Dedlaini nyingi zinaangukia Desemba, na vyuo vingi vimekubaliana mtu asikazwe kujibu ofa ya pesa kabla ya 15 Aprili. Programu nyingi za baiolojia hukuzungusha labu mbili tatu mwaka wa kwanza ndio uchague penye utakaa. Kwa injinia mara mingi kuna prof ashakupigia mstari kabla hujapanda ndege. So hata huko bado ni stori ya mtu. Ada ya kuaplai inacheza dola 70 hadi 100 na zaidi kwa kila chuo, na vyuo kibao huisamehe ukiwaandikia mapema. Omba bila aibu, wamezoea.

Sasa rada ya doo. Prof bila granti ni mathree bila petroli: graffiti imeshika, ngoma inadunda, konda anaita watu, lakini haitoki steji. Anaweza kukujibu poa sana, akusifu CV yako, akuambie uaplai, na mwishowe hakuna siti ya kukukalisha. Kwa hivyo kabla umpende, cheki tanki yake. Na hii inawezekana, juu majuu pesa ya utafiti ya serikali huandikwa wazi kila mtu aone. NIH ya Marekani iko na RePORTER. Umoja wa Ulaya uko na CORDIS. DFG ya Wajerumani iko na GEPRIS, na UKRI ya Waingereza iko na Gateway to Research. Unaandika kitu yako, tuseme mashine za kupima sukari kwa damu, inakutolea nani amepewa, za kufanya nini, kuanzia lini hadi lini. Ka granti inaisha miezi michache ijayo na hakuna ingine nyuma yake, huyo mwachie wengine hata ka pepa zake ni moto. Ka imeanza juzi, huyo anatafuta mikono.

Kuna kundi moja la maprof naona wasee hawaligusangi kabisa. ERC ya Ulaya hutoa Starting Grant kwa mtafiti bado mchanga, mwenye hajakaa sana tangu amalize PhD yake, na inafika yuro milioni 1.5 kwa miaka 5. Majina ya washindi hutoka kila mwaka, mara mingi karibu Septemba. Huyu mtu ako na ganji, ako na labu tupu, na saa ishaanza kuhesabu. Hana jina kubwa bado, so inboksi yake haijafurika ka ya wale wazito wa Harvard. Kwangu mimi, ningeanza hapo kabla ya chuo chochote chenye mathe amewahi sikia.

Alafu kuna Marie Skłodowska-Curie, wenyewe huita MSCA. Ni mitandao ya vyuo, hospitali na kampuni za Ulaya wanachukua watu wa PhD kwa mradi mmoja, kila mtu na kipande chake: mmoja anachapa mfupa bandia, mwingine anasoma picha za ubongo, mwingine anatengeneza sensa ya jasho. Nafasi zao ziko EURAXESS. Kuna sheria yao moja inabamba: usiwe umeishi ama kufanya kazi kwa nchi yenye unaenda zaidi ya miezi 12 ndani ya 36 iliyopita kabla wakuandike. Msee wa Milan ashachomewa Milan. Msee wa Githurai mwenye amewahi fika mbali ni Naivasha, nchi zote ziko wazi. Ni mara ngapi sheria ya majuu imekubeba hivyo?

Na pesa ikikauka, inakauka na kila mtu. 2025 venye Washington ilianza kukata na kugandisha granti za NIH, kuna programu za bayomedi zilipunguza nafasi, na kuna wasee walikuwa washapewa ofa zikarudishwa. Siku hizi mtu akinishow anaaplai Marekani peke yake, namuuliza ka ako sawa.

Na usidhani kusaka hivi ni mambo ya kizazi cha TikTok. Wangari Maathai alirudi Nairobi Januari 1966 na masta yake ya Pittsburgh, akiwa ashaahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti upande wa zuolojia. Kufika, anaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Akabaki mtaani akitafuta ka msee mwingine yeyote, hadi akapatana na Reinhold Hofmann, prof wa Giessen, Ujerumani, mwenye alikuwa anaanzisha idara ya anatomia ya mifugo hapo chuo cha Nairobi. Hofmann alikuwa anahitaji mtu wa kuandaa tishu na kuzisoma kwa darubini, na Maathai hio kazi alikuwa ameishika Pittsburgh. Ni huyo Hofmann alimsukuma aingie PhD. Akaenda Giessen na Munich kufanya utafiti, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata PhD. Watu humkumbuka na miti. Mimi hubaki nikicheki hio bit ya darubini: mlango ulifunguka juu alikuwa na kazi ya mkono yenye labu ilikuwa imekosa.

Hapo kwa kazi ya mkono ndio wasee wa huku tuko na kitu, na tunaificha chini ya CV. Kuna beshte yangu alianza na diploma ya kurekebisha mashine za hospitali kabla aende digrii. Alikuwa anashinda karakana ya hospitali moja ya kaunti, chumba kimoja hivi imejaa konsentreta za oksijeni zimekufa. Ndani ya hio mashine kuna mitungi ya zeolaiti, punje ndogo ndogo zenye hushika naitrojeni ndio oksijeni ipite. Unyevu ukiingia, zeolaiti inachoka. Noma ni kwamba mashine yenyewe inaweza endelea kuguruma sawa tu, na mtoi kwa wadi anavuta hewa imekaribia ya kawaida. WHO inataka oksijeni yake isishuke chini ya asilimia 82. Jamaa akatafuta kipimo cha oksijeni, akaanza kuandika kwa kaunta buku: mashine namba gani, inakaa wadi gani, imesoma asilimia ngapi, filta ilibadilishwa lini, mvua imeanza ama bado. Hakuna mtu alikuwa amemtuma. Baadaye akaingiza kila kitu Excel na akachora grafu moja. Haikuwa pepa, haikuchapishwa mahali.

Imeli zake za kwanza zilikuwa zile za kila mtu. Mheshimiwa Profesa, natumai barua hii inakufikia ukiwa salama, mimi ni kijana mwenye bidii na ari ya utafiti, nimevutiwa sana na kazi zako zilizotukuka. BCC kwa maprof kibao. Kimya. Na wangejibu nini? Hio barua ingeweza andikwa na mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote, hata ya kuomba kazi ya soja.

Yenye ilishika ilikuwa fupi hadi inakaa ka imekatwa. Sentensi moja ya yeye ni nani na amefanya kazi wapi. Moja ya kusema amesoma pepa fulani ya huyo prof, na kwa ile grafu ya nne ameona walipima na hewa kavu ya labu. Moja ya kusema wadi zenye yeye anajua hazina hewa kavu, na amefunga grafu ya mashine zake akionyesha zilianza kushuka lini. Alafu swali: unachukua mtu wa PhD mwaka ujao, ama unajua mwenye anachukua? Chini yake CV ya kurasa mbili, PDF, na faili imeandikwa jina lake, si "CV ya mwisho kabisa 3". Prof akajibu siku hio hio. Hakuuliza alipata maksi ngapi. Aliuliza huo unyevu aliupima na nini.

Sasa usiende kutafuta konsentreta juu nimesema konsentreta. Ka wewe ni wa kukuza seli, onyesha seli. Ka wewe ni wa koding, weka code yako mahali mtu anaweza ifungua na iendeshe. Prof anataka kujua ukipewa kitu imevunjika Jumatatu utafanya nini kabla Ijumaa. Na hio imeli usipee AI ikuandikie yote. Hao watu wanasoma hizo kila siku, wanazijua kwa harufu. Ukikosa jibu, ngoja wiki mbili hivi, kumbusha mara moja kwa upole, alafu songa. Kimya mara mingi inamaanisha yuko bize ama hana doo, so usiichukue kwa roho.

Makaratasi hakuna mtu hupenda kuskia stori yake, lakini ndio huua watu. Transkripti anza kuifuata leo, hata ka hujui unaaplai wapi. Kila mtu amesoma chuo huku anajua venye maksi hupotea: CAT ulifanya, mtihani ulikalia, sahihi yako iko kwa karatasi ya mahudhurio, lakini kwa sistimu hilo somo la mwaka wa pili liko na dashi. Sajili inakutuma idara, idara inakutuma kwa lekchara, lekchara ako majuu kwa PhD yake mwenyewe. Hio safari inaweza kula miezi, na dedlaini haikungoji.

Wa kukuandikia barua, chagua lekchara mwenye anajua jina lako bila kufungua rejista. Mpatie mwezi mzima. Mtumie tangazo, CV, na vitu mbili tatu mlifanya pamoja zenye ungetaka akumbuke. Kuna wale watakushow uandike mwenyewe yeye asaini. Hapo mpatie pointi, si barua, juu barua tatu zenye zimeandikwa na mkono mmoja hujulikana, na zikijulikana umedunda.

Kizungu je? Kabla uvunje kibubu na IELTS, uliza ka barua ya chuo inayosema ulifunzwa kwa Kizungu inatosha. Kuna vyuo huikubali. Ujerumani watachungulia chuo chako kwa anabin, databesi yao ya vyuo vya nje, na ka kimeandikwa H+ hapo uko fiti. Na ile stori inatisha watu ya kufungia yuro 11,904 kwa akaunti ndio upewe viza, hio ni ya kuonyesha utajilisha mwaka mzima. Ukiwa na kontrakti ya mshahara wa kutosha, kontrakti ndio inakuongelea.

Maagenti nitawapitia haraka tu. Mtu akikuitisha doo ndio akupatie nafasi ya PhD ya kulipwa, huyo ni konmani, hata ka ako na ofisi tao yenye iko na bendera tano ukutani. Mwajiri halipwi na mwenye anaajiriwa.

Na si lazima upande ndege, ama upande saa hii. KEMRI-Wellcome wako Kilifi tangu 1989 na wamelea watafiti wa PhD hapo hapo pwani. icipe iko Kasarani, Duduville, na programu yao ya PhD ya sayansi ya wadudu, ARPPIS, imekuwa tangu 1983. Malaria na magonjwa ya kubebwa na wadudu si mambo madogo ka bayomedi ndio kitu yako. Hao hao icipe ndio wamekuwa wakisimamia RSIF, mfuko wa serikali za Afrika wa kulipia PhD za sayansi na uinjinia kwa vyuo vya bara hili. PAUSTI, chuo cha Umoja wa Afrika, kiko ndani ya JKUAT, Juja, na wanafunzi wake wanatoka kona zote za Afrika. Kuna wasee wa Juja wamepita hio geti miaka minne na hawajui. Arusha kuna chuo cha Nelson Mandela, NM-AIST. Cape Town wamechapa uinjinia wa bayomedi kitambo.

Alafu kuna Mbarara, Uganda, yenye huwa nashow mtu yeyote akiniambia labu za huku ni za kungojea misaada. Chuo cha sayansi na teknolojia cha huko kilishikana na Waholanzi wa Leiden wakaunda skana ya MRI papo hapo. Vipande vilitumwa na ndege kutoka Uholanzi. Kutoka maboksi kufika hadi picha ya kwanza ni siku 11, na wengi wa wenye walikuwa wanaiunga hawakuwa wamewahi fanya hio kazi. Nguvu yake ni militesla 50, na mashine ya kawaida ya hospitali kubwa ni tesla 1.5, lakini lengo lilikuwa watoto wenye maji yamejaa kichwani, na kwa hao huhitaji picha ya bei ya helikopta ndio uone maji. Mwenye ameongoza upande wa Mbarara, Johnes Obungoloch, PhD yake alifanya Penn State, Marekani. Swali alilibeba kutoka huku, akaenda nalo, akarudi nalo. Mimi nikiwa naandika barua ya kuomba nafasi leo, ningeisoma hio stori yake kwanza.

Ukiitwa intavyuu, itakuwa Zoom, na itakuwa saa mbaya. Chaji kila kitu, kuwa na bando ya simu pembeni stima ikipotea, na muombe jirani wa ngoma akupatie saa moja. Watakuuliza uelezee kazi yako ya mwisho, na hapo ndio wengi huanza kuongea ka kitabu. Eleza venye ungeelezea mbogi: tulikuwa na shida hii, nikajaribu hivi, ikakataa, nikagundua ni juu ya hii. Wataingia ndani kwa hio "ikakataa" kuliko kwa kitu ingine yote. Na mwisho wakikuuliza ka uko na swali, usiseme zii. Uliza mwanafunzi wa mwisho wa hio labu alimaliza kwa miaka mingapi na sai ako wapi.

Ofa ikikam, usisaini siku hio hata ka mathe ashaanza kupigia mashangazi. Soma hio asilimia ya mshahara, toa kodi na bima, alafu cheki keja ya chumba kimoja kwa huo mji ni ngapi. Munich na Zurich zimewahi liza watu. Omba uongee na wanafunzi wawili wa hio labu bila prof kuwa kwa kolu. Waulize prof hujibu imeli baada ya muda gani, nani hulipia mkutano ukienda, wikendi inakuanga ya nani, na ka kuna mtu aliacha katikati. Ka yuko, omba namba yake. Huyo mpigie kabla ya tarehe ya kujibu, si baada.